Kitunguu Ndani ya Mafuta: Safari ya Sambusa na Bajia Hadi Futari ya Garissa



Alhamdulillah, tumefikishwa tena mwezi huu mtukufu. Makala za fiqhi na tafsiri utazikuta kwenye kurasa nyingine, na walioziandika wana elimu kunishinda. Mimi nimepewa ukurasa wa historia, na nimeamua kuandika juu ya kitu ambacho labda kiko mkononi mwako saa hii, kama unasoma baada ya Maghrib: sambusa na bajia. Usicheke, ndugu yangu. Hata karai lina historia yake, na historia ya karai la hapa kwetu ina machungu ndani yake kuliko wengi wetu tunavyodhani.

Jambo lenyewe lilianza hivi. Ramadhani moja binamu yangu anayesoma Nairobi alirudi Garissa na hadithi nyingi za mjini. Akawaambia watoto ati kuna chakula kipya kule, vitunguu vinakatwa duara kama bangili, vinachovywa kwenye rojo ya unga, vinakaangwa mpaka viwe rangi ya dhahabu, halafu vinauzwa bei kali kando ya baga. Ayeeyo alikuwa amekaa kwenye mkeka na tasbihi yake. Akauliza swali moja tu: "Unga gani?" Binamu akasema wa ngano. Ayeeyo akasema, "Basi wamekosea unga. Hiyo ni bajia." Akarudi kwenye tasbihi.

Sote tulicheka, lakini swali lilinibakia. Nani hasa alianza kutia kitunguu kwenye mafuta yanayochemka? Na sisi watu wa maziwa na nyama, watu wa ngamia, tuliingiaje kwenye mambo ya karai?

Tuanze na hao wa bangili. Mwaka 1802, mpishi wa London aitwaye John Mollard alichapisha katika kitabu chake maelezo ya vitunguu vilivyokatwa duara, vikachovywa kwenye rojo ya unga, krimu na jibini, na kukaangwa kwenye mafuta ya nguruwe. Naam, ya nguruwe. Huko Marekani, moja ya mikahawa inayodai kwamba hiki chakula kilizaliwa kwake ni ule ulioanza Dallas, Texas, mwaka 1921, na jina lake ni Pig Stand, yaani Kibanda cha Nguruwe! Sasa usikimbie. Kitunguu chenyewe hakina kosa. Lakini kijana wa Kiislamu akiingia mkahawa asioujua, asiulize nyama peke yake. Aulize pia mafuta, na kama hayo mafuta yamekaangiwa kitu gani kabla ya kitunguu chake.

Kitu kilichonivutia zaidi katika hadithi ya Marekani ni tangazo. Mwaka 1933 mafuta ya mgando yaitwayo Crisco, yanayotengenezwa kutokana na mimea, yalitangazwa kwenye jarida la gazeti la New York Times pamoja na maelezo ya kupika hivyo vitunguu vya duara. Yaani mwenye kiwanda cha mafuta ndiye aliyewafundisha watu kukaanga. Shika hapo, tutarudi. Kukaanga kwa kuzamisha kunataka mafuta mengi, na mafuta mengi yanataka pesa au kiwanda. Pasipo na kimoja kati ya hivyo, karai ni la matajiri.

Kwetu sisi Waislamu, kitunguu si mgeni. Kimetajwa ndani ya Qur'an, Suratul Baqara aya ya 61, pale Bani Israil walipochoshwa na chakula cha aina moja wakamwambia Nabii Musa (A.S.) awaombee mimea ya ardhini, vikiwemo matango, adesi na vitunguu. Na hadithi inajulikana kwa wengi, kwamba aliyekula kitunguu au kitunguu saumu kibichi asiukaribie msikiti, kwa sababu ya harufu. Sayyidna Umar (R.A.) katika khutba moja iliyopokewa na Imam Muslim aliongeza jambo lenye faida kwa wapishi: mwenye kuvila hivyo viwili basi avipike mpaka harufu ife. Kwa hiyo dada anayekaanga vitunguu vizuri kabla ya kuvitia kwenye sambusa anawasaidia watu wa taraweh bila kujua. Wenye kesi ni wale wa kachumbari. Unakaa safu moja na mtu aliyefturu kwa sahani nzima ya vitunguu vibichi, na rakaa bado ni nyingi... subhanallah.

Haya, sambusa sasa. Wengi hapa tunaamini kwamba ni chakula cha Wasomali tangu na tangu. Wenzetu wa Mombasa na Lamu wanasema ni cha Waswahili. Wahindi nao wanasema ni chao. Wote wana haki kidogo. Jina lenyewe lilitoka Uajemi, likaingia Kiarabu kama sanbusaj na sanbusak. Katika karne ya 10, Baghdad ya Bani Abbas, Ibn Sayyar al-Warraq aliiandika katika kitabu chake cha mapishi ya makhalifa. Mwaka 1226, hukohuko Baghdad, mwandishi mwingine, Muhammad al-Baghdadi, alieleza jinsi nyama inavyosagwa na kutiwa viungo, inafungwa ndani ya mkate mwembamba uliokatwa vipande virefu, kisha inakaangwa kwa mafuta ya ufuta. Ukimwonyesha maelezo hayo mama yeyote wa Suuq Mugdi atakwambia, "Sasa hapo kuna nini kipya?" Karibu miaka 800, na manda bado zinakatwa vilevile.

Angalia pia herufi moja. Wahindi wanasema samosa. Sisi tunasema sambusa, Wasomali sambuus. Ile "b" haimo kwenye neno la Kihindi, lakini imo kwenye la Kiarabu na la Kiajemi. Kwa hiyo jina letu halikupitia India. Lilikuja moja kwa moja na majahazi kutoka Ghuba na Uarabuni. Nguo ya Kihindi ilikuja baadaye, kama pilipili nyingi na viazi ndani.

Kuna shahidi mmoja ninayempenda sana katika mambo haya, naye ni Ibn Battuta. Mwaka 1331 alifika Mogadishu, akakaribishwa na sultani, na kwa kuwa alikuwa mtu wa kupenda chakula, aliandika alichopewa: wali uliopikwa kwa samli, juu yake kitoweo cha kuku, nyama, samaki na mboga, ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, maziwa ya mgando, ndimu na pilipili za achari, tangawizi mbichi na maembe. (Mnaona, hii tabia ya Wasomali kula wali na ndizi, ambayo Wakenya wengine wanaishangaa, ndizi na wali vilikuwa meza moja Mogadishu tangu wakati huo.) Lakini sambusa hakuitaja. Miaka mitatu hivi baadaye alikuwa Delhi, kwenye jumba la Sultani Muhammad bin Tughluq, na huko akaeleza kitu alichokiita samusak: nyama ya kusaga iliyopikwa na lozi, jozi, pistachio, vitunguu na viungo, ikafungwa ndani ya mkate mwembamba na kukaangwa kwa samli.

Hatuwezi kusema kwamba kwa sababu hakuitaja basi Mogadishu haikuwepo. Mgeni haandiki kila alichokula. Lakini hebu fikiria ile ya Delhi. Lozi, pistachio, samli ya kuzamishia! Hicho ni chakula cha mfalme. Mwambao wetu nao ulikuwa na mafuta yake. Benadir na Lamu kulikuwa na vinu vya kukamulia ufuta, ngamia anazunguka kinu siku nzima, na Wasomali mafuta hayo wanayaita saliid macsaro. Ndiyo mafuta ya ufuta yaleyale ya kitabu cha Baghdad. Kwa hiyo mtu wa Mogadishu au Lamu mwenye uwezo angeweza kukaanga. Mtu wa bara, wa Garissa, Wajir na Mandera, alikuwa na hali nyingine kabisa.

Bajia ni ukoo mwingine. Neno ni la Kigujarati, na lilikuja na wafanyabiashara wa Kihindi waliokuwa wakiingia Zanzibar, Mombasa na Lamu tangu kabla ya wakoloni, kisha likaenea zaidi walipoletwa vibarua karibu 32,000 kutoka India kujenga reli ya Mombasa hadi Ziwa Victoria, kati ya 1896 na 1901. Wengi walirudi kwao, wengine walifariki, na maelfu walibaki. Bajia ya asili ni mboga, kitunguu hasa, ndani ya rojo ya unga wa dengu. Pwani yetu ikaigeuza. Wakachukua kunde, wakaziloweka, wakazimenya, wakazisaga na vitunguu, dania na pilipili, wakakaanga madonge madogo. Hiyo bajia ya kunde ndiyo iliyopanda kuja kwetu, na Wasomali wanaiita bajiye. Huko Nairobi ukisema bajia unaletewa viazi. Ndiyo maana ayeeyo aliuliza unga gani. Kwa mzee wa hapa, bajia inajulikana kwa unga wake kabla ya kitu kilichomo ndani.

Sasa tuje nyumbani.

Watu wa iliyokuwa Northern Frontier District, ile NFD ambayo wazee bado wanaitaja, walijua kukaanga kabla ya kuona chapati. Nyirinyiri ni nini? Ni nyama iliyokatwa vipande vidogo vidogo, ikakaushwa, ikakaangwa na kuhifadhiwa ndani ya mafuta yake ili msafiri ale miezi kadhaa. Waborana nao wana buna qalaa, mbuni zinazokaangwa kwa samli na kunywewa na maziwa wakati wa dua na sherehe. Kwa hiyo moto na mafuta vilikuwepo. Ambavyo havikuwepo ni unga na kitunguu. Mfugaji anayehama na ngamia hapandi kitunguu, na samli yake ni mali. Haimwagi kwenye karai ili azamishe unga. Futari ya babu zetu ilikuwa maji, tende zikipatikana, na maziwa. Na wallahi ilikuwa karibu zaidi na Sunna kuliko meza zetu za leo.

Vitu vya dukani, yaani sukari, majani ya chai, unga na mchele, vilikuja na misafara ya Waarabu na Wasomali waliofungua maduka kwenye vituo vya serikali ya Mwingereza. Bidhaa zilitoka Lamu, zilitoka pia Kismayu, ambayo ilikuwa chini ya Mwingereza mpaka Jubaland ilipokabidhiwa Italia mwaka 1925. Lakini mlango ulikuwa mwembamba. Sheria ya 1902 iliifanya nchi hii kuwa wilaya ya pembeni, ya kuingia kwa kibali tu. Sheria nyingine ya 1934 ikawabana zaidi wenyeji kuhusu wapi waende na mifugo yao. Reli haikuja. Barabara ya lami haikuja. Wakati bajia zinauzwa stesheni za Voi na Nairobi, Wajir ilikuwa bado nchi iliyofungwa.

Halafu ikaja ile miaka ambayo wazee wakiitaja wanashusha sauti. Kenya ilipata uhuru tarehe 12 Desemba 1963, na kabla mwezi haujaisha hali ya hatari ilitangazwa kwetu. Vita vya Shifta viliendelea mpaka 1967. Kuanzia 1966 serikali iliwakusanya watu katika vijiji vyenye ulinzi, na mfugaji asiyeweza kuhama ni mfugaji anayengoja mifugo ife. Ngamia waliuawa, wengine walichukuliwa, wengine walikufa kwa kukosa malisho. Vita vikaisha, lakini sheria za hatari zikabaki. Ukame ukarudi, ule wa 1984 hasa. Novemba 1980 mtaa wa Bulla Kartasi hapa Garissa mjini ulichomwa moto katika operesheni ya vikosi vya usalama, na watu wakakusanywa uwanja wa shule siku kadhaa bila chakula wala maji. Mambo haya yamo katika ripoti ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ya 2013, kwa hiyo simzushii mtu.

Kwa nini nayaingiza kwenye makala ya sambusa? Kwa sababu hapa ndipo karai lilipoingia nyumbani. Familia iliyokuwa na ngamia 40 inaamka asubuhi iko bulla ya mjini, haina hata mbuzi wa maziwa. Mwanamume aliyejua mifugo tu, mjini hana kazi. Mama anafanya nini? Anakopa unga dukani, anakopa vitunguu, anatafuta makaa. Na safari hii mafuta yapo, tena rahisi. Miaka hiyo baada ya uhuru mafuta ya mgando ya viwandani yalienea Kenya nzima, na kopo la Kimbo likawa kila mahali, mpaka likiisha mafuta linageuka kipimo cha kupimia mchele na maharage sokoni. Mnakumbuka lile tangazo la Crisco? Ni jambo lilelile. Kiwanda kilishusha bei ya mafuta, na chakula cha Sultani wa Delhi kikatoka kwenye jumba la mfalme, kikaja kukaa kwenye beseni la plastiki kando ya barabara ya Garissa. Pistachio zimeondoka, lozi zimeondoka, wakati mwingine hata nyama imepungua. Kilichobaki ndani kwa wingi ni kitunguu, kwa sababu kinajaza, kina utamu wake kikiiva, na bei yake inavumilika.

Mimi naona hili lisemwe wazi: wengi wetu tuliosoma tulisomeshwa na karai hilo. Vijana wengine wanaona haya kusema mama yake aliuza sambusa na mahamri. Haya ya nini? Mtu aliyepoteza mifugo yote kwa vita na ukame, asiombe, akakaa mbele ya moto Garissa hii yenye joto linalopita nyuzi 35, akiwa amefunga, ili auze kabla ya adhana! Jaribu siku moja tu kukunja manda mia ukiwa na kiu.

Mwaka 1991 yalitokea mawili kwa pamoja. Zile sheria za hatari zilifutwa hatimaye, baada ya karibu miaka 28. Na serikali ya Somalia ikaanguka, wakimbizi wakamiminika. Kambi za Ifo, Dagahaley na Hagadera karibu na Dadaab zilipangwa kwa watu 90,000. Mwaka 2011, wakati wa njaa, zilikuwa na zaidi ya 450,000. Mgao wa chakula ulikuwa nafaka au unga, kunde au dengu, na mafuta. Hebu itazame orodha hiyo kwa jicho la mpishi. Unga, kunde, mafuta. Imekosa kitunguu tu, na bajiye ziko tayari! Haikuchukua muda, kambi zikawa na masoko, na kwenye masoko wakawa akina mama waliotoka Kismayu, Baidoa na Mogadishu na mikono yao. Nadhani sambuus zenye basbaas kali za kijani, zile zinazokutoa machozi, zilipata nguvu hapa kwetu tangu wakati huo, ingawa mzee wa Garissa atabisha.

Kitunguu kilichokosekana kinatoka wapi? Kwingi. Magunia yanakuja kutoka bara, mengine yanavuka mpaka kutoka Mang'ola, Tanzania. Lakini vingine vinatoka hapahapa, mto Tana. Ukisimama darajani ukatazama kingo, utaona mashamba ya migomba, maembe, matikiti, nyanya na vitunguu. Wamunyoyaya na Wamalakote walilima kando ya mto huu kabla mji haujawa mji, na baada ya ukame wa miaka hiyo, wafugaji waliobaki mikono mitupu wakaungana kwenye vikundi, wakanunua mashine za kuvutia maji, wakajifunza jembe ukubwani. Aina moja ya kitunguu chekundu inayopandwa sana Kenya inaitwa Bombay Red, kwa hiyo India bado imo ndani ya sambusa hata kama jina lilipita njia nyingine. Na mto unapotoa, unachukua. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilisomba mashamba na mashine, na mafuriko ya mwisho wa 2023 yakarudia. Mkulima wa kitunguu ana msiba wake hapo. Kitunguu kikikaa majini siku chache kimeoza, hakina hata cha kuokoa.

Binamu yangu aliyeleta habari za bangili hakukata tamaa. Siku ya pili alichukua vitunguu vikubwa viwili vya shambani, akavikata duara, akatafuta unga wa dengu mjini mpaka akaupata kwa duka la Mwarabu mmoja, akatia chumvi, binzari na pilipili kidogo. Ayeeyo alikuwa anamwangalia kwa pembe ya jicho. Mara akamwambia ngoja mafuta yatulie, usitie wakati yanatoa moshi, na usijaze karai kama basi la Mandera. Zikatoka za dhahabu, zinalia mdomoni. Adhana ikaingia. Ayeeyo akachukua tende moja, akanywa maji, akasoma dua yake, akanyoosha mkono akachukua bangili moja ya kitunguu. Akatafuna taratibu.

"Afadhali," akasema. "Sasa unga ni wenyewe."